Mazishi Fulani

Katekista aliileta barua ya paroko Jumatano asubuhi, ikiwa kwenye flashi, pamoja na maagizo: nakala mia sita, zikunjwe katikati, ziwe tayari kabla ya misa ya kwanza Jumapili. Mama Rimu akaichomeka kwenye kompyuta. Watu walimpa jina hilo kwa sababu duka lake la uchapaji, mkabala na geti la kanisa, lilijaa rimu za karatasi hadi wateja wakawa wanaingia ubavu ubavu. Kwa miaka tisa alikuwa amechapa matangazo yote ya parokia ile, na kila mara alisoma kwanza, maana paroko alikuwa hodari wa mahubiri lakini koma zake alizimwaga kama anayelisha kuku.

Barua ilikuwa ya kuomba umoja. Neno lenyewe lilitokea mara kumi na moja kwenye ukurasa wa kwanza. Paroko aliwasihi waumini warudi kwenye jumuiya zao ndogo za sala za mtaani na waache kununiana. Mama Rimu alikuwa akirekebisha koma tu, hadi alipofika aya ya nne: "Natambua kwamba wapo waliokwazika kutokana na mazishi fulani. Tuyaache yaliyopita."

"Fulani!" alisema kwa sauti, na mteja aliyekuwa akisubiri picha za pasipoti akageuka.

Mazishi fulani yalikuwa ya kaka yake.

Kaka yake alikuwa dobi wa hospitali. Miaka ishirini na miwili alifua mashuka yenye damu ya watu asiowajua, akafia hapohapo kazini, moyo ukasimama huku ameshika mlango wa mashine ya kukaushia. Jumuiya yao ilikutana Jumamosi asubuhi, na Jumamosi asubuhi yeye alikuwa zamu. Mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu aliyetunza daftari la mahudhurio kana kwamba bado yuko darasani, alikataa kuandika barua ya kumtambulisha marehemu. Paroko naye akashika utaratibu: asiyeshiriki jumuiya hazikwi na padre. Wala hakuishia hapo. Jumapili alisimama altareni akamtaja marehemu kwa jina lake na la baba yake, ili, alisema, wengine wajifunze. Dobi akazikwa na wafanyakazi wenzake waliovaa sare za kazi, wakiimba nyimbo walizozikumbuka nusunusu. Tangu siku hiyo, miezi mitatu sasa, watu wa hospitali hawakukanyaga kanisani, na jumuiya ilikuwa imepasuka vipande viwili.

Mama Rimu alichapa nakala moja tu. Akalizungushia neno "fulani" kalamu nyekundu, akamkabidhi mteja picha zake, akavuka barabara.

Paroko alikuwa ofisini anasaini vyeti vya ubatizo.

"Tumsifu Yesu Kristo, Padre."

"Milele amina, mama. Zimekuwa tayari mapema hivi?"

"Fulani ni nani?"

Paroko akaitazama karatasi. "Sikutaka kutonesha kidonda."

"Siku ile ulipomsema mbele ya watu, jina lake kamili ulikuwa nalo. Leo limekupotea?"

"Mama, punguza sauti."

"Sina nyingine, ni hii hii."

"Utaratibu sikuutunga mimi. Nikilegeza kwa mmoja, kesho watakuja kumi." Paroko akasimama, uso umemwiva. "Unataka nini? Nipige magoti mbele ya parokia nzima?"

"Nataka useme ulichofanya. Kama huwezi, katafute mashine nyingine. Yangu hii haitoi."

Hakurudi dukani. Alikwenda moja kwa moja kwa wifi yake, mjane wa kaka yake, akitaka mtu wa kukasirika naye. Alimkuta anapiga pasi kanzu ndefu nyeupe. Kapuni zilikuwamo nyingine nne, zimekunjwa vizuri.

"Wifi, hizi za nani?"

Wifi hakuinua macho. "Za misa. Kaka yako ndiye aliyekuwa anazifua. Jumamosi akitoka zamu, hata hajala, anakaa uani na beseni. Sista wa sakristia ndiye aliyekuwa anazileta. Mume wangu alinikataza kusema, alihofia watu watadhani anajipendekeza. Alipofariki, sista akaendelea kuleta, nikaona haya kukataa."

"Miezi mitatu! Mtu kakataa kumzika mumeo, na wewe unamnyooshea kola!"

"Simfulii yeye," wifi alijibu, akaisimamisha pasi kwa kishindo. "Naendeleza kazi ya mume wangu. Na usinipigie kelele nyumbani kwangu. Wewe umepata pa kugombana. Mimi sijapata pa kulia isipokuwa kwenye beseni hili."

Mama Rimu akasubiri kanzu ya mwisho ipoe, akaikunja mwenyewe, akabeba kapu.

Alilitua juu ya vyeti vya ubatizo. "Zile Jumamosi mlizomwandikia hakuwepo," alimwambia paroko, "alikuwa anatoka kufua mashuka ya wagonjwa, anakaa chini kufua hizi." Akatoka bila kungoja jibu.

Ijumaa alasiri paroko alikuja dukani peke yake. Akaingia ubavu ubavu kama wengine, akakaa juu ya boksi la karatasi, akatoa aya mpya aliyoiandika kwa mkono. Mama Rimu akasoma. "Kulitokea makosa..."

"Yalitokea yenyewe? Kama mvua?"

"Mama..."

"Nani alikosea?"

Paroko akavua miwani, akaifuta kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji. "Andika: nilikosea."

"Wewe na nani?"

"Mimi. Mwenyekiti atajisemea mwenyewe."

"Na jina?"

Paroko akalitaja lote, la marehemu na la baba yake. Mama Rimu alikosea kulipiga mara mbili, yeye ambaye huandika bila kutazama vidole. Hakusema asante. Akawasha mashine, ikaanza kutema nakala.

Jumapili paroko aliisoma barua mwenyewe. Alipofika kwenye "nilikosea," mwenyekiti alisimama, akaweka daftari kwapani, akatoka, na watu kama kumi na watano wakamfuata. "Padre ametuuza," mmoja alisema mlangoni, bila kunong'ona. Wengine wakaanza kupiga makofi. Paroko akainua mkono kuwanyamazisha. Umoja alioutafuta haukupatikana siku hiyo. Ulizuka ufa mwingine.

Jumatano iliyofuata, saa ya kubadilishana zamu hospitalini, paroko alikwenda makaburini. Madobi saba walikuja na sare zao, wakasimama kwa mbali kidogo, mikono kifuani. Paroko alisali sala zote za mazishi, hakuruka hata moja, akanyunyizia kaburi maji ya baraka. Wifi alilia waziwazi, kwa sauti, na hakuna aliyemkataza.

Baadaye paroko alimfuata Mama Rimu.

"Bado una hasira na mimi?"

"Ninayo. Tena nyingi."

"Jumapili utakuja?"

"Nitakuja. Lakini wakati wa kupeana amani usinitazame."

Paroko akaitikia kwa kichwa. Wifi akamshika Mama Rimu mkono, wakashuka pamoja hadi barabarani, nyuma ya madobi waliokuwa wakiharakisha kurudi kazini.