Mioshi Saba Kando ya Boteti

Rre Moatlhodi alikuwa na macho mapya. Daktari wa Gaborone alikuwa amemwondolea mtoto wa jicho, kwanza kushoto, kisha kulia, na sasa mzee huyu wa miaka sabini na moja aliweza kuhesabu miguu ya nzi aliye darini. Hakutaka kurudi Maun kwa basi. Alitaka kupita juu ya zizi lake kando ya mto Boteti, alione lote kwa mara moja, kama anavyoliona kipanga.

Wodini aliazima ramani, akakokota kiberiti juu yake kutoka Gaborone hadi Maun. Wagonjwa wenzake walimcheka kwamba amenunua ndege isiyo na mabawa. Hakuwajali. Mto ulikuwa mkono wa kulia. Katikati, injini ingemziba. Basi akachagua kiti cha mbele, dirishani. Kisha akampigia simu mkewe, Mma Gofaone, aliyekuwa zizini.

"Saa nne asubuhi choma majani mabichi. Nikiona moshi nitajua ni nyumbani."

"Sawa, rra. Ila usichungulie sana ukaniangukia juu ya ndama."

Siku ya safari alifika kiwanjani kabla ya mtu yeyote.

"Viti vyote vinafika Maun pamoja, rra," alisema dada wa kaunta.

"Kufika najua nitafika, mwanangu. Mimi nazungumzia kuona. Nipe cha tatu kulia, dirishani."

Akapewa. Lakini alipoingia ndani ya ndege alimkuta bibi wa miaka kama themanini na mitano amekikalia, shali begani, mkoba mapajani. Rre Moatlhodi akatazama tiketi, akamtazama bibi. Kwao mtu hamwinui aliyemtangulia kuzaliwa, hata akiwa amekalia kofia yake.

"Dumela, mma," akamwamkia.

"Dumela, rra. Hapa ni pako?"

"Kaa tu, mma. Popote panatosha."

Akaketi upande wa njia, roho ikimbana kama kiatu kipya. Saa nzima alijipinda huku na huku, akiambulia vipande vya mbingu juu ya kitambaa cha kichwa cha bibi.

"Mbona unarefusha shingo kama mbuni?" bibi akauliza mwishowe.

Akamweleza yote: macho, mto, moshi.

"Na ukaniacha nikae hapa, mimi nisiyeona hata kidole changu? Nilitaka tu pa kuegemeza kichwa."

"Ningekuambiaje, mma?"

"Kwa mdomo."

Bibi akashika mkanda ili wabadilishane, lakini ndege ilikuwa imeanza kushuka, na mhudumu akawaamuru wasiinuke.

"Basi inama," bibi alisema. "Mapaja haya yamelaza watoto tisa, kichwa chako hakitayavunja. Ila uniambie kila unachokiona."

Rre Moatlhodi akainama hadi paji la uso likagusa kioo. Mto ulikuwa umelala kama ukanda wa ngozi mbichi ulioanikwa. Akamwambia hivyo. Akamwambia njia za ng'ombe zilivyokutana majini, nyembamba kama mikunjo ya kiganja. Kisha akakaza macho kwenye ukingo wa mto.

"Umeona moshi?"

"Nimeona, mma. Nimeona saba."

Habari ilikuwa imekimbia zizi hadi zizi. Kila jirani alitaka naye asalimiwe kutoka angani.

"Mkeo hana siri," bibi akasema. "Sasa wako ni upi?"

Akaitazama kwa macho yake mapya, mmoja baada ya mwingine. Sita ilikuwa minene, imefura kama mashavu ya mpiga tarumbeta. Wa saba ulikuwa uzi tu, karibu na bati linalometa.

"Ule mwembamba."

"Umejuaje?"

"Mma Gofaone hawezi kuchoma majani mengi ambayo ndama angeyala."

Bibi akacheka mpaka mkoba ukaanguka. Rre Moatlhodi naye akapitisha mkono mbele ya pua ya bibi, akaupungia ule mwembamba kwanza, kisha ile mingine sita, asije akalaumiwa na majirani.