Sumaku ya Spika

Fomu ya hospitali ilikuwa na maswali kumi na tisa. Binti alisoma, baba yake, fundi wa kuchomelea, akajibu. Swali la kumi na moja liliuliza kama kipande cha chuma kimewahi kumwingia jichoni.

"Kuingia kiliingia," fundi alisema. "Kikatoka. Andika hapana."

"Baba, wameuliza kama kimewahi."

"Mwanangu, nimechomelea mageti miaka thelathini. Nikianza kuwahesabia cheche tutahamia hapa. Zamu hii nimeisubiri miezi minne. Andika."

Akaandika.

Sasa fundi alilala chali ndani ya bomba la mashine ya MRI, kichwa kimebanwa katika kizimba cha plastiki, dari ikikaribia kugusa pua. Kwa miezi sasa mguu wake ulikuwa ukifa ganzi. Daktari alitaka kuona uti wa mgongo pale shingoni. Mkononi alipewa mpira wa kuminya akizidiwa. Mashine iligonga kama nyundo juu ya bati, ikanyamaza. Mpiga picha wa mashine hiyo akasema kwenye vipokea sauti, "Vizuri, mzee. Sumaku haiumi. Usitikisike tu."

Sumaku.

Karakanani chembe ya jichoni hutolewa kwa sumaku ya spika kuukuu, ikisogezwa kwenye kope. Mwaka juzi fundi mwenzake wa kupaka rangi alimtoa chembe moja jicho la kulia, akasema, "Huyu amekuja. Kama ana ndugu, amekataa." Wakacheka. Jicho la kushoto lilikuwa limepofuka zamani.

Sumaku ile hubanduliwa kwenye bati kwa vidole viwili. Hii ilijengewa chumba. Kama ndugu yupo, alivutwa wakati wa kuingia, na atavutwa wakati wa kutoka. Kuminya ni kupoteza zamu. Kutominya, hakujua ni kupoteza nini. Mashine ikaanza kugonga tena.

Akaminya. Kelele ikakatika.

"Mzee?"

"Jicho la kulia. Labda lina chuma."

"Unaona?"

"Naona."

"Linauma?"

"Hapana."

"Basi usigeuze kichwa wala macho. Nakutoa polepole. Si ulijibu hapana?"

"Kilitolewa."

"Na nani?"

"Fundi mwenzangu."

"Kwa kitu gani?"

"Sumaku."

Kitanda kilisogea kidogo kidogo. Alikazia macho mchubuko mmoja wa rangi darini. Ulipotoka machoni pake akatafuta mwingine kwa hofu, kisha akakumbuka kwamba ameambiwa asitafute.

Picha ya eksirei ya macho ilionyesha nukta moja nyeupe, ndogo kuliko punje ya chumvi, nyuma ya jicho la kulia.

"Inaelekea haikusogea, bahati yako," mpiga picha alisema. "Lakini huingii tena humu mpaka daktari wa macho aitoe, kama itatoleka. Shingo itabidi ipimwe kwa njia nyingine."

"Njia hiyo itaonyesha sawasawa?"

"Si sawasawa."

Fundi aliupapasa mguu wake, haukuhisi mkono. Binti alichukua fomu mpya, akafika swali la kumi na moja, akajibu bila kumuuliza.