Mlingoti Juu ya Paa

Mama Sindano alikuwa hajawahi kutafuta fundi wa umeme maishani mwake. Amtafute wa nini, naye aliolewa na mmoja? Marehemu mumewe, ambaye mtaa mzima ulimwita Waya, ndiye aliyevuta nyaya za nyumba ile kwa mkono wake, chumba hadi chumba, kabla hata madirisha hayajatiwa vioo. Taa ikigoma, mke alipaza sauti tu kutoka kwenye cherehani, "Baba, huku kumekufa!" na mwenyewe akaja anapiga mluzi, bisibisi ameichomeka sikioni kama seremala na penseli yake.

Sasa Waya hayupo, na umeme ulikuwa ukikatika ovyo. Cherehani ya mota ilinyamaza katikati ya pindo, na wateja wakaanza kununa. Binti yao, muuguzi katika mji mwingine, alichoka kusikia malalamiko kwenye simu.

"Mama, tuweke sola. Gharama niachie mimi. Wewe nitafutie fundi wa kuaminika tu."

"Nitamjuaje kama ni wa kuaminika?"

"Si unajua watu?"

"Mimi najua vitambaa, mwanangu. Kitambaa nikikishika nakwambia kama kitachuja. Watu wananishinda."

Juu ya paa lile, upande unaopigwa na jua kutwa, ulisimama mlingoti wa antena. Waya aliusimamisha mwaka waliponunua televisheni, enzi ambazo kichochoro kizima hakikuwa na nyingine. Siku za mpira sebule ilifurika. Watoto walikaa chini, wakubwa wakabanana kwenye makochi, na waliochelewa wakaning'inia dirishani. Picha ikianza kuwa chengachenga, Waya alipanda juu kuuzungusha mlingoti, mdogo wake akishika ngazi, na Mama Sindano akisimama dirishani kupeleka habari.

"Kidogo! Kidogo tena! Umepitiliza, rudi!"

Sebule nzima ikadakia, "Hapo hapo! Usiguse!"

Basi maskini Waya akabaki juu kule ameukumbatia mlingoti, maana akiuachia tu picha inatoroka. Magoli mengi ya enzi ile aliyasikia kwa masikio. Akishuka, shati limejaa kutu, anauliza, "Kafunga nani?" na watu kumi wanamjibu kwa mpigo.

Televisheni ile ilikufa zamani. Mlingoti ukawa wa ndege kupumzikia. Hata hivyo, kila alipoanika nguo, Mama Sindano aliuinulia macho. Kwa hiyo alimuuliza kila fundi aliyekuja jambo hilo kwanza: mlingoti utabaki?

Wa kwanza alikuwa kijana wa kampuni, kafunga tai shingoni na simu mbili mkononi. Alisimama uani, akakinga macho kwa kiganja, akalitazama paa kama anayetazama ndege ikipita. Kupanda hakupanda.

"Utabaki, mama, tena utapendeza. Ila tuandikishane leo leo, maana ofa inaisha jioni."

Wa pili aliletwa na shemeji, yule yule mdogo wake Waya, ambaye sasa naye alikuwa na mvi. Fundi huyo alivaa fulana iliyoandikwa mgongoni Simba wa Sola, na kicheko chake kilisikika hadi nyumba ya tatu.

"Shemeji, huyu ni mtu wangu kabisa," alisema shemeji. "Ni kama ndugu."

"Mlingoti wa marehemu!" Simba akadakia. "Nani athubutu kuugusa? Nitapanga paneli pembeni pembeni, wala hutajua kama kuna kitu kimeongezeka."

Shemeji machozi yakamlenga. Mama Sindano naye nusura akubali pale pale.

Wa tatu alikuwa mwanamke wa makamo aliyekuja na ngazi yake mwenyewe. Chai ilipoletwa, yeye alikwishapanda. Mama Sindano alisikia bati likilia kwa hatua za mtu, na moyo ukamruka. Tangu Waya aondoke, hakuna aliyekanyaga juu kule. Fundi alikawia. Aliposhuka, alikung'uta mikono na kusema bila kuzunguka:

"Paa ni zima, mama, ila mbao moja ya kona imeliwa na mchwa. Aanze seremala, ndipo nije mimi. Na mlingoti utoke."

"Wenzako wamesema utabaki."

"Kivuli chake kinatembea juu ya paneli kutwa. Paneli haitaki kivuli, hata kiwe chembamba vipi. Nikiuacha pale, utakuwa na sola ya urembo."

"Basi asante. Kunywa chai, uende zako."

"Chai nitakunywa siku nyingine," alisema fundi, akabeba ngazi yake.

Mama Sindano alikasirika hadi jioni. Mwanamke gani yule, hana hata ulimi wa kubembeleza? Lakini kesho yake, mteja alileta gauni lililoshonwa kwingine, akilisifu weee. Mama Sindano akaligeuza ndani nje, kama alivyofanya siku zote, akaona nyuzi zimeachwa zikining'inia. Akacheka peke yake. Gauni alijua kuligeuza. Kwa nini asiwageuze na mafundi?

Akawapigia simu wote watatu, kila mmoja amwelekeze nyumba aliyoifanyia kazi.

Kijana wa tai alimwelekeza kwa mwalimu mstaafu, aliyempokea kwa kuguna. Paneli zake zilikuwa chini ya kivuli cha tangi la maji la jirani. "Taa zinazimika kabla sijamaliza kula," alisema mwalimu. "Nikimpigia, ananiambia yuko kwenye mkutano. Mkutano huo ulianza mwaka jana."

Simba hakupokea simu. Mama Sindano akamgeukia shemeji.

"Kazi zake ziko mbali," shemeji akajibu.

"Mbali wapi?"

"Mbali tu, shemeji."

Fundi wa ngazi alimwelekeza kwenye saluni, akaikuta imejaa wateja. Mwenye saluni alitabasamu kabla hajajibu. "Yule? Ni mgumu kama jiwe! Aliniambia mitambo yangu haiwezi kuwaka yote kwa pamoja, nikamnunia wiki nzima. Lakini betri iliposumbua, nilimpigia asubuhi, na mchana alikuwa hapa."

"Nionyeshe nyaya zinakoingilia," Mama Sindano akaomba.

Wakasogeza kabati. Nyuma yake, mahali ambapo hakuna mtu angechungulia, nyaya zilipita ukutani zimenyooka na kubanwa vizuri, kila moja na njia yake. Mama Sindano akainama, akazifuata kwa kidole. Nyumbani kwake tu ndiko alikowahi kuona nyaya zilizolazwa kwa subira ile.

Kazi iliyobaki ilikuwa kumwambia shemeji kwamba amemchagua fundi wa ngazi, na mlingoti utatoka. Alikuja juu.

"Yaani unamtupa kaka yangu kwa sababu ya taa?"

"Kaka yako alikuwa fundi," Mama Sindano akamjibu taratibu. "Angekuwepo leo, angepanda mwenyewe kuung'oa, na mimi na wewe angetufokea kwa kumchelewesha."

Shemeji aliinua macho juu ya paa. Kisha akasema, "Basi niufungue mimi."

Seremala alipobadilisha mbao, fundi akaja, na shemeji naye, amevaa ovaroli la zamani la Waya lililomzidi mabega. Nati zilikuwa zimeshikwa na kutu. Fundi alizimwagia mafuta akamsubiri mzee, hakumpokonya spana hata mara moja. Mlingoti ulipoteremshwa, Mama Sindano aliupokea kwa mikono miwili. Ulikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Wakaulaza uani, na shemeji akakaa kando yake, akimsimulia fundi jinsi siku moja alivyoiachia ngazi kwa furaha ya goli, kaka yake akaning'inia kwenye bati akitukana. Fundi alicheka hadi akaweka kikombe chini. Chai safari hii aliinywa, tena mbili.

Paneli zikafungwa, na juma lile lile umeme ulikatika mtaani mchana kutwa. Mama Sindano alishona bila kusimama, feni ikimpepea kisogoni. Palipotulia kidogo, alilia. Hakulia sana, alifuta macho kwa kipande cha kitambaa akaendelea na kola iliyokuwa mbele yake.

Jirani akachungulia mlangoni, jasho linamtoka. "Jamani, kwako kunawaka! Fundi wako nani? Nipe namba."

Mama Sindano akamsomea namba, jirani akiiandika kiganjani.

"Ila jiandae," akamwambia. "Kuna kitu atakukatalia."