Lebo ya Arobaini na Mbili

Asiyemjua Nyakundi angedhani ana kichaa. Siku ya soko Oyugis, beli la makoti ya mitumba likikatwa kamba, wachuuzi wenzake walitumia macho. Yeye alitumia pua. Alichomeka uso kwenye kwapa la koti, akavuta pumzi kama mtu anayeonja mchuzi, ndipo akaamua.

"Kwapa halidanganyi," alipenda kusema. "Kola hufuliwa, mfuko hupigwa pasi, lakini jasho la mzungu mwenye shida halitoki hata kwa jiki."

Kisha alisugua kitambaa kati ya vidole, akageuza bitana aone mishono, akabonyeza bega ajue kama sponji imeoza. Likipita mitihani hiyo, koti lilikuwa limeshaingia guniani mwake na kilichobaki ni kelele za bei. Wenye mabeli walimruhusu achague wa kwanza, kabla nguo hazijamwagwa chini. Uchaguzi huo wa kwanza waliuita kamera, na kwa kamera mtu hulipa zaidi. Waliongoja mpaka saa sita walipata fagia, na jina lenyewe linatosha.

Wazee waliziita nguo hizo kafa ulaya, wakiamini wenyewe walishazikwa huko kwao. Nyakundi hakubisha.

"Mzungu akifa ananiachia koti," alisema. "Mjomba wangu alikufa akaniachia kesi ya shamba. Sasa nimlilie nani?"

Kibanda chake kilikuwa Migori, na wateja wake walikuwa walimu, makarani na wahubiri wa Sabato. Lakini makoti mazuri kuliko yote aliyaweka kando kwa ajili ya mtu mmoja: Japheth Obare, karani wa ushirika wa wavuvi kule Homa Bay, Mjaluo wa Sori. Alikuwa na mabega mapana, na kipimo chake, arobaini na mbili, alikuwa ameutangazia ulimwengu mzima.

"Omera, ndugu yangu, Mkisii kama wewe makoti ulijifunzia wapi?" Japheth alizoea kumchokoza. "Kwenu si mnavaa majani ya ndizi?"

"Sisi tunavaa kwa sababu ya baridi. Nyinyi joto lawaua, na bado mnavaa tai. Kati yetu nani ana akili?"

Walicheka hivyo miaka, mpaka Japheth akaanza kukohoa.

Hiyo ilikuwa miaka ambayo maseremala wa Homa Bay walikuwa karibu wamesahau kutengeneza vitanda kwa wingi wa majeneza. Mtu alikohoa, akakonda, akapelekwa nyumbani, na waliobaki walizungumzia mambo mengine kwa sauti kubwa. Kwa hiyo Nyakundi aliposikia kwamba Japheth hajaonekana ofisini tangu Pasaka, hakuuliza. Aliendelea kumwekea makoti.

Siku moja mke wa Japheth, Terry, aliingia kibandani na mfuko wa karatasi. Ndani mlikuwa na koti la kahawia, la sufu nzito. Nyakundi alilitambua kabla halijatoka lote; yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa amemuuzia Japheth.

"Shemeji, niuzie hili," Terry akasema.

"Na mwenyewe atavaa nini?"

"Hilo ndilo lililonileta." Terry alikaa juu ya gunia. "Ni kifua kikuu. Hospitali wanampa vidonge na sindano, na walisema ni miezi mingi, asiache hata akijiona mzima. Ameanza kutembea mpaka langoni. Juzi akavaa hili aende kazini. Likaning'inia kama liko kwenye kamba. Alilivua, akageukia ukutani, akakataa hata uji. Mengine nishayauza, maziwa na mayai hayaji bure. Sasa anataka jipya, na anataka arobaini na mbili."

"Nitampatia."

"Ukileta arobaini na mbili litammeza. Ukileta dogo akaona namba, hatainuka tena kitandani."

Nyakundi alikuna kidevu. "Kwa hivyo wataka koti dogo lililo kubwa."

"Wewe ndiye mwenye maneno, shemeji. Mimi nina mgonjwa."

Alitafuta kama hajawahi kutafuta. Oyugis alipata moja zuri, lakini kwapa lilimkatalia. Homa Bay yenyewe hakukuwa na kitu. Mwishowe alifika Ntimaru, ambako mizigo huvuka mpaka bila kubisha hodi, na huko, chini ya rundo la makoti ya mvua, mkono wake ulikutana na sufu laini. Bluu iliyoiva, vifungo safu mbili, mabega yenye sponji ya kumfanya mgonjwa aonekane askari. Lebo ilisema thelathini na sita. Alinusa. Halikunuka chochote. Mwenyewe pengine alilivaa kanisani tu, au hakulivaa kabisa.

Kulikuwa na ujanja mmoja katika kazi hiyo ambao Nyakundi aliuchukia. Wachuuzi wengine walikuwa wakibandua lebo ya koti bora na kuishona kwenye takataka, kisha wanakuuzia takataka kwa bei ya London. Aliwahi kugombana na watu sokoni kwa ajili hiyo. Sasa aliibeba bluu ya Ntimaru pamoja na kahawia ya Japheth hadi kwa Bitutu, fundi wa cherehani aliyepakana naye, akamwomba atoe namba ya kahawia aitie kwenye bluu.

Bitutu alivua miwani. "Leo wewe pia?"

"Si la kuuza bei mbaya. Ni la mgonjwa. Hii ni dawa."

"Dawa ina kipimo chake, Nyakundi. Hii yako umeipima na nini?"

"Shona, mama, na unisaidie na ulimi pia, uukunje kidogo."

Bitutu alishona. Alikuwa fundi hasa. Hata Nyakundi mwenyewe, akigeuza kola mara mbili, hakuona mahali sindano ilipopita.

Japheth alikuwa ameketi kwenye kiti cha mikono pale nyumbani kwake, Homa Bay, shingo imekuwa ndefu ndani ya fulana. Suruali zake Terry alikuwa ameshazipunguza kwa siri, na kioo cha nyumba kilikuwa kile cha kunyolea, kinachoonyesha uso tu. Nyakundi alimsimamisha, akamvalisha mkono wa kwanza, wa pili, akafunga vifungo. Koti likakaa. Mabega yakakaa. Japheth alipapasa kifua, polepole, kama mtu anayehesabu ng'ombe aliodhani wameibwa. Kisha akalivua tena, akaligeuza kola, akasoma.

"Terry," akaita. "Njoo uone. Ulisema nimekonda."

"Nilisema, baba."

"Soma hapa."

Terry alisoma, akaenda jikoni haraka. Nyakundi alibaki akijishughulisha na uzi ambao haukuwepo.

Mchana huo Japheth alimaliza samaki mzima, akanyonya na kichwa, akamtania Nyakundi kwamba Wakisii hula samaki kama wanaotegua bomu. Nyakundi alirudi Migori akiwa amejaa furaha. Alimwambia Bitutu kwamba kuna daktari mpya mjini na hana haja ya cheti.

Furaha hiyo ilidumu mpaka Terry alipokuja tena. Safari hii hakukaa.

"Ameacha dawa," akasema.

"Ameacha vipi?"

"Ameacha kwenda. Mwezi mzima na zaidi, na mimi nikidhani anakwenda. Anavaa koti, anapita hospitali, anakwenda kukaa na wenzake ufukweni. Nimemuuliza, akasema mwili umerudi, dawa za nini. Nikamwambia nesi alimpima mara ya mwisho na kilo zilikuwa zilezile. Akasema mizani ya serikali ilikufa kitambo, lakini arobaini na mbili ni arobaini na mbili." Alimtazama Nyakundi. "Na amerudi kukohoa. Nenda umwambie."

"Si wewe mkewe ungemwambia taratibu?"

"Uzi ni wako, shemeji."

Walifuatana. Japheth alikuwa nje ya nyumba, kwenye jua kali la saa nane, koti limefungwa vifungo vyote, jasho likimtiririka kando ya masikio. Alipomwona Nyakundi alifurahi.

"Mkisii, leo umeniletea nini?"

Nyakundi alianza na mzaha, ukamfia mdomoni. Akaanzisha mwingine, nao ukakataa. Mwishowe akalisema lote, kuanzia mfuko wa karatasi hadi sindano ya Bitutu, macho yake yakiwa kwenye viatu vya mwenzake. "Lebo ile si yake," akamaliza. "Rudi hospitali, omera. Kesho. Mimi mwenyewe nitakusindikiza."

Japheth alivua koti. Aliligeuza, akakwaruza lebo kwa ukucha mpaka uzi mmoja ukainuka.

"Hili ni ngapi hasa?"

"Thelathini na sita."

"Thelathini na sita." Alikohoa, akangoja kikohozi kipite. "Miezi ile yote nimemeza vidonge kama kuku anavyomeza mahindi. Wamenidunga mpaka nikashindwa kukaa. Na mimi ni thelathini na sita."

"Zilikuwa zinakujenga. Bila hizo hata hapo hungefika."

"Hilo nalo umelishona wapi?"

"Baba, msikilize," Terry akasema.

"Ninamsikiliza. Nimemsikiliza tangu lile la kahawia." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Nyakundi. "Dawa ingekuwa inafanya kazi, nyinyi wawili msingehitaji uzi. Kaka yangu Nashon alisema tangu mwanzo hii ni chira, mwiko wa nyumbani umevunjwa, nikanywe mitishamba. Mimi nikamwita mshamba. Kumbe mshamba alikuwa nani?"

"Japheth, kosa ni langu, si la hospitali."

"Nyinyi nyote mlikuwa mnanipa moyo," Japheth akasema. "Wao kwa vidonge, wewe kwa lebo. Nimeshiba moyo."

Alilivaa tena koti, akaingia ndani.

Nyakundi alikwenda hospitali siku hiyohiyo. Nesi wa zamu, mwanamke mchovu mwenye foleni inayofika barabarani, alimsikiliza hadi mwisho. Alisema mgonjwa aje mwenyewe. Ataanzishwa upya, sindano na yote. Aje mapema. Nyakundi aliahidi kama vile ahadi ilikuwa yake kuitoa. Asubuhi alikuta nyumba ya Japheth imefungwa kwa kufuli. Jirani alisema pikapu ya Nashon imewachukua kwenda Sori kabla jua halijatoka.

Alifuata Sori. Nashon alimkuta langoni, mtu mpole, mkubwa, mwenye mabega yaleyale ya ukoo. Alimpa kiti, akampa chai, na hakumruhusu kuingia ndani.

"Anakunywa dawa ya nyumbani," akasema. "Hataki kuonana na mtu wa makoti. Usichukie, ndugu yangu. Ni yeye amesema."

Japheth alifariki kabla mvua fupi hazijaisha. Mwili ulipelekwa kwenye nyumba ya maiti Migori, na siku ya kuuchukua, ndugu walisimama nje, kila mmoja akimwachia mwenzake nafasi ya kuingia. Walikuwa wamesikia mengi juu ya kugusa watu waliokufa wamekonda. Nashon alikuwa amekunja mikono ya shati, lakini miguu haikumtii. Terry alitoka kati ya wanawake, akamkabidhi Nyakundi nguo zilizokunjwa, koti la bluu likiwa juu.

"Mvalishe wewe," akasema. "Umemvalisha siku zote."

Ndani, mhudumu aliyeitwa James alimsaidia kwa shati na suruali. Walipofika kwenye koti, alimpa Nyakundi mkasi.

"Kata mgongoni, kutoka kola hadi chini. Mikono ya maiti haikunjiki, koti zima haliingii. Wote tunawakatia. Mbele halionekani."

Nyakundi aliushika mkasi. Maisha yake yote hakuwahi kukata sufu nzuri. Aliinua mkono wa Japheth, na ulikuwa mwepesi kama mkono wa koti lenyewe. Akauingiza. Akamgeuza, akauingiza wa pili. Akafunga vifungo safu zote mbili, akanyoosha kola, na alipoingiza kiganja kati ya kifungo na shati, kiliingia chote, na ngumi nzima ingeingia.

Akamrudishia James mkasi.

"Hukukata?"

"Halikuhitaji."

James aliinama, akatazama, akautia mkasi mfukoni. Walilikunja lililozidi nyuma ya mgongo, wakambeba hadi kwenye jeneza.

Nje, Nashon alimsogelea wa kwanza.

"Limemtosha?"

Nyakundi alitafuta neno la kumpoza, kama alivyozoea, na yalikuwepo mengi.

"Hapana," akasema. "Ni kubwa."