Mdoli Nyuma ya Simu

Hapa Muaither, pembeni mwa Doha, kila mtu humwita mwajiri wangu Mama Melissa, isipokuwa Melissa mwenyewe. Mtoto ana miaka mitano. Alilelewa na nyanya yake huko Kericho, na mamake, ambaye ni nesi huku, alimjua kwa simu ya video tu. Miezi miwili tangu Melissa afike Doha, bado alikuwa akimwita mamake "yule."

"Anti Velma, yule ameenda kazi?"

Mama Melissa alikuwa akicheka, halafu akiingia bafuni na kufungulia maji muda mrefu.

Tukampeleka kwa Emily, anayetibu watoto kwa michezo. Akatupatia midoli na nyumba ndogo ya mbao.

"Nusu saa kila siku. Msimuulize, msimfundishe. Mfuateni tu."

Melissa akawapanga kwenye zulia: nyanya jikoni, mtoto kitandani. Mdoli wa mama akamsimamisha nje, nyuma ya simu mbovu.

Sasa mimi nimefanya kazi za nyumba tangu nimalize darasa la nane. Mkono wangu haupiti kitu kikikaa ovyo. Siku ya nne, nikipiga deki, nikatia ile simu kwenye droo, na mdoli wa mama nikamlaza kitandani kando ya mtoto. Nikajiona nimepanga vizuri kweli.

Melissa alilia hadi akatapika. "Hajafika! Bado hajafika!"

Nikarudisha simu na mdoli, nikamwomba mtoto msamaha. Jioni nikamweleza mamake yote. Hakunigombeza. Alivua viatu, akaketi zuliani na yunifomu yake. Kila alipofungua mdomo kuuliza, nilimkanyaga mguu.

"Velma, utanivunja kidole!"

"Khalas, nyamaza basi, Mama Melissa."

Akakaa hivyo kila jioni, kimya, hata akitoka shifti macho mekundu. Jioni ya tisa Melissa akamtoa mdoli nyuma ya simu. Akamtembeza polepole mpaka jikoni.

"Nyanya anamuuliza kama amekula," akasema. Akamtazama mamake. "Sema wewe."

Mama Melissa akanitazama. Sikumkanyaga.

"Sijala," akajibu.

Melissa akamnyooshea kikombe cha plastiki, kidogo kama kizibo.

"Basi kunywa chai kwanza, Mama. Itapoa."

Akakinywa kile kikombe kitupu mpaka mwisho, akaomba kingine.