Kola ya Jumatatu

Sonona ilipomwangusha fundi cherehani, daktari alimpa daftari aandike kila jioni siku yake ilikuwaje, kuanzia moja hadi kumi. Miezi minne fundi aliandika tatu tu, hata siku alizokula akamaliza sahani.

Dada yake, aliyekuwa akishona naye chumba kimoja, hakuliamini daftari lile. Alimjua kaka yake: zamani mshono ukienda upande kidogo tu, alikuwa hakaliki. Alipougua, hata ungemwonyesha suruali yenye mguu mmoja angesema, "Sawa tu." Basi kila Jumatatu dada alishona kola moja makusudi, imepinda kama mkia wa mbwa, akamwekea mezani. "Sawa tu," kaka akasema, Jumatatu baada ya Jumatatu, na dada akaifumua kimyakimya.

Jumatatu hii fundi aliishika kola, akaigeuza, akasonya.

"Dada, hii umeshona umefumba macho? Fumua. Mteja atadhani shingo yake ndiyo mbovu."

Dada alicheka mpaka akaegemea cherehani, kisha akamweleza mtego wake wote, tangu kola ya kwanza. Fundi alijitia kununa, lakini kicheko kilimponyoka.

Jioni akachukua daftari, akafikiri kidogo, akaandika sita.

"Sita tu?" dada akauliza.

"Ningeandika nane," fundi akasema huku akifunika kalamu, "lakini kola yako imeniharibia siku."