Cheti Nilichokataa Kutia Muhuri

Liévin aliingia maabara Jumanne asubuhi akitabasamu, na tabasamu lile lilinikera kabla hajafungua mdomo. Shingo ilikuwa imemvimba pande zote mbili, akaificha chini ya kola kana kwamba mimi ni kipofu. Alikuwa mwalimu msaidizi pale chuo kikuu cha Kasapa, na Jumamosi alikuwa anamuoa Wivine. Padri wao hafungishi ndoa bila kuona vyeti vya kipimo cha UKIMWI vya wote wawili. Cha Wivine kilikuwa tayari. Kilibaki cha Liévin, na muhuri wa maabara ninaushika mimi.

Nikamdunga kidole, tukangoja dakika zetu. Ukatoka mstari mmoja.

"Ma Martine, ni négatif!" akaruka. "Piga cachet niende. Mompe ananingojea ku kanisa."

Kugonga muhuri ni kazi ya sekunde moja. Lakini faili lake lilikuwa mbele yangu, na mimi mafaili huyasoma. Siku kumi na moja za homa. Kipimo cha malaria mara mbili, hakuna kitu. Dawa ya malaria akapewa hata hivyo. Kipimo cha Widal kikasema tifoide, na katika mji huu Widal haimwachi mtu. Akapewa amoksilini, vipele vikamtoka kifuani, vikaitwa aleji. Vidonda mdomoni, tezi shingoni na kwapani. Mwishowe Docteur Kabwe akaandika mononucléose, ule ugonjwa ambao wanafunzi huambukizana kwa mate. Homa moja, majina manne! La tano hakuna aliyethubutu kuliandika, kwa sababu kijana ni msomi, anaimba kwaya, na anaoa.

"Kaa chini," nikamwambia. "Hii test haione virusi. Inaona basoda, baaskari benye mwili inatuma kupigana nayo. Kama virusi iliingia juzi-juzi, basoda habayafika. Test itasema négatif, na njo wakati virusi imejaa mu damu kupita siku yote."

"Docteur ameisha kusema ni mono! We ni docteur?"

"Hapana. Mi njo mwenye cachet."

Akatoka akibamiza mlango. Saa sita akarudi na mama yake mkubwa, Ma Lydie, mwanamke mnene wa sauti, na kitambaa cha arusi alikuwa ameshakishona.

"We mama, unatuchukia juu ya nini?" akanifokea mbele ya wagonjwa wote. "Bantu ya Likasi beko mu njia. Papier inasema négatif, we unakatala kuandika négatif?"

Masikio yaliniwaka moto. Jibu nilikuwa nalo, lakini siri ya mgonjwa ni siri, hata shangazi na mama wakubwa wa mji mzima wakikutukana. Nikamwambia Liévin aingie peke yake, nikafunga mlango.

Hapo nilimweleza jambo ambalo siwaambii watu. Miaka sita iliyopita nilimpima mchumba wa mdogo wangu Plamedie. Alikuwa na homa wiki ileile ya kipimo, na koo likimuuma, na sisi sote tulisema ni uchovu wa maandalizi. Mstari mmoja. Niligonga muhuri kwa furaha, nikacheza arusini hadi viatu vikanishinda. Plamedie alikuja kujua kuwa ameambukizwa alipokwenda kliniki na mimba yake ya kwanza. Sijajisamehe, na sitaki kujisamehe.

"Mi sirudilie ile kosa," nikamwambia. "Sasa nijibu, hapa tuko babili tu. Mu hii mwezi, ulilala na muntu?"

Aliinamisha kichwa. Kulikuwa na sherehe ya rafiki huko Karavia, wiki nne zilizopita. Mara moja tu, akasema, na Wivine hajaguswa. Walikuwa wameahidiana kungoja ndoa. Kisha akalia kama mtoto, nami nikamtoa damu huku akilia.

Chupa ile ya damu niliipeleka mwenyewe kwenye maabara kubwa mjini, nikiwa nimepanda pikipiki na kisanduku cha barafu mapajani. Kule wanapima charge virale, yaani wanahesabu virusi vyenyewe, hawangoji wale askari. Nilikaa mlangoni mwao Jumatano nzima hadi wakanichoka. Alhamisi jibu likatoka: virusi milioni tatu katika mililita moja ya damu.

Liévin aliniomba nimwambie Wivine badala yake.

"Dawa, nitaeleza mi," nikasema. "Ile ingine ni yako."

Akameza kidonge cha kwanza palepale, kisha akamwita Wivine kwa simu. Alipofika, niliwaachia chumba. Baada ya muda mrefu Wivine alitoka, akaketi kwenye benchi kando yangu, mikono juu ya magoti.

"Ma Martine, kama ile siku ungepiga cachet?"

Nilitaka kumwonea huruma, nikaona huruma itamdharau. "Mungefunga ndoa samedi."

"Tulipatana tuanze na mutoto pale pale. Ni mi nilimuomba."

Alifuta uso kwa kiganja. Akauliza dawa inachukua muda gani. Nikamweleza: Liévin akimeza kila siku bila kuruka, baada ya miezi kadhaa virusi hupungua hadi kipimo hakivioni, na hapo hamwambukizi mtu, hata mtoto huzaliwa salama. Akaniomba nirudie pole pole, akaandika kila neno kwenye simu yake. Ndani, Liévin alikuwa bado analia.

"Hiyo miezi nitaihesabu mi mwenyewe," akasema akisimama. "Kisha nitamukubali, ao nitamukatala, ni mi nitachagua. Kama ungepiga cachet, ile samedi bangenichagulia."